Maduka ya bidhaa moja yangali imara Mombasa

KATIKA zama hizi za maduka makubwa yanayouza kila kitu, kuanzia unga hadi runinga, mtu angedhani mfanyabiashara anayeuza bidhaa ya aina moja pekee amekwisha kufunga virago. Mjini Mombasa, hali si hiyo. Kuanzia Barabara ya Biashara hadi vichochoro vya Mji wa Kale, wangali wapo: huyu leso, yule udi na ubani, wa tatu haluwa, wa nne viungo vya pilau.

Kinachowaweka hai si bei, kwani bidhaa nyingi kati ya hizo hupatikana kwingineko. Ni ujuzi ambao mnunuzi hupewa pamoja na mzigo wake.

Leso ni mfano mwafaka. Vazi hili lina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapishwa chini ya mji. Huuzwa doti, vipande viwili vikiwa vimeshikana, na mafundi wa vyerehani walioketi barazani huvikata na kuvipinda mnunuzi akisubiri.

Jina ndilo lenye uzito. Leso ya kijembe aliyopelekewa wifi yaweza kuwasha moto usiozimika, ilhali ile ya dua humfaa mama aliyejifungua. Ndiyo maana muuzaji aliyebobea humwuliza mteja anamnunulia nani kabla ya kumtandazia mzigo. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na kusifika kwa nembo ya 'Mali ya Abdulla', ndilo linalotajwa kuwa lilianzisha desturi ya kuandika maneno kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Awali maneno hayo yalikuwa kwa hati za Kiarabu, kisha yakaja ya Kilatini.

Kwa wauza manukato, ujuzi unahitajika zaidi. Udi hutokana na miti ya Bara Asia ambayo, inaposhambuliwa na kuvu, hutoa utomvu mweusi wa kujikinga. Mti usioshambuliwa hauna harufu hiyo, na hapo ndipo penye chanzo cha ughali wake. Vilevile ndipo penye mwanya wa walaghai, ambao huchovya vibanzi vya mti wa kawaida katika mafuta na kuviuza kama udi. Mfanyabiashara mwaminifu huweka kibanzi kwenye chetezo, akamwachia mteja anuse moshi mwenyewe.

Haluwa nayo, ambayo Mombasa inashirikiana na Oman kuienzi, hupikwa kwa wanga, sukari, samli na iliki. Mpishi huikoroga kwa muda mrefu pasipo kupumzika, maana ikiachwa kidogo hushika chini na kuungua. Katika soko la Marikiti, lililojengwa mwaka 1914, wauza viungo humchanganyia mteja bizari kulingana na chakula anachokusudia kupika na idadi ya walaji.

Wapo wanaoshangaa ni kwa nini wauza leso hupangana mlango kwa mlango badala ya kukimbiana. Sababu ni kwamba mteja hupenda kulinganisha. Akijua kwamba mtaa mmoja una kila aina ya leso, atasafiri kutoka mbali kuufikia. Isitoshe, muuzaji akiishiwa na doti fulani huichukua kwa jirani, wakahesabiana baadaye. Ushindani na ushirika, kwa hivyo, huenda sambamba.

Hata hivyo, biashara hizi zinakabiliwa na mawimbi. Bidhaa za kuiga zinauzwa kwa bei ya chini, baadhi ya vijana huagiza kupitia intaneti, na kodi ya nyumba haingoji msimu wa harusi. Mji wa Kale umetangazwa kuwa eneo la uhifadhi, lakini uhifadhi huo hulinda majengo, milango ya nakshi na roshani. Haumlindi muuza udi aliye nyuma ya mlango huo.

Kinga iliyopo ni ya upangaji. Sheria ya mwaka 1965 inayohusu wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, humkinga mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kumpandishia kodi wala kumfurusha pasipo ilani rasmi ya maandishi ya angalau miezi miwili. Mpangaji asiyeridhika ana haki ya kupeleka malalamiko mbele ya jopo la mizozo ya kodi za biashara, mradi afanye hivyo kabla ya muda wa ilani kumalizika. Anayenyamaza huweza kuipoteza haki hiyo.

Lakini sheria haiwezi kumrithisha mtoto ujuzi wa baba yake. Duka likifungwa, rafu zaweza kujazwa simu au viatu kesho yake. Anayejua kutenganisha udi na kibanzi kilichochovywa, au dua na kijembe, huchukua miaka mingi kupatikana. Mnunuzi anayepita huko afanye jambo moja jepesi: kabla ya kuuliza bei, aulize kwanza bidhaa yenyewe ni nini.