Mtoto anayeteswa mtandaoni, msikilize kwanza
Mzazi wa Ngerengere, mwanao akikesha na simu, hali vizuri na ghafla hataki shule, usikimbilie kumnyang'anya simu. Muulize kwa upole ametumiwa nini. Matusi na vitisho vya mtandaoni huweza kuleta sonona. Akitaja kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtisha au kumnyanyasa mtu mtandaoni. Usifute ujumbe wala kuusambaza. Upeleke Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116 bure.

Kifungu hicho humbana anayetuma. Australia imezibana kampuni zenyewe: tangu Desemba 10, 2025, mitandao mikubwa inatakiwa kuwazuia walio chini ya miaka 16.

Je, vijana wetu wanaweza kudai sheria? Rebeca Gyumi alipinga mahakamani vifungu vilivyoruhusu ndoa za utotoni, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Mruhusu mwanao ayaseme haya kwenye baraza la watoto. Anayeumia ndiye anayejua panapouma.