Nyumba za kijani: wa kujenga ni mmoja, wa kulipa bili ni mwingine

UZI. Kila mdahalo siku hizi lazima "nyumba za kijani" zitajwe. Upande mmoja unaahidi maelfu ya nyumba zinazojali mazingira, upande mwingine unajibu kwamba hayo ni mambo ya watu wa Gigiri, Mkenya anataka tu pa kulala. Kama kawaida, hapa hatutaji mtu wala chama. Tunaangalia tu kinachobishaniwa, maana pande zote mbili huruka swali moja: nikishahamia, bili ni ya nani?

Anza na maji ya kuoga. Ile shawa ya stima kwenye bafu la keja yako hula kama kilowati 5. Mtu akioga dakika 10, uniti 0.8 zimeenda. Watu wanne wakioga mara moja kila siku, mwezi ukiisha ni kama uniti 100. Weka uniti moja shilingi 25: hizo ni 2,500, na bado hujawasha taa wala kupiga pasi.

Mtambo wa sola wa kuchemsha maji ukiwa juu ya paa unaondoa sehemu kubwa ya hiyo pesa. Lakini wa kuununua ni mwenye nyumba, na wa kununua tokeni ni wewe. Yeye akikuokolea 2,500, mfukoni mwake kinaingia nini? Hakuna, labda akupandishie kodi. Kwa hivyo hanunui. Si lazima awe mtu mbaya, ni hesabu tu. Na Nairobi ni mji wa wapangaji.

Serikali iliwahi kuingilia. Kanuni za 2012 zilisema jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke sola ya kuyachemsha, na majengo yaliyokuwepo tayari yakapewa miaka mitano kufuata. Angalia ploti za mtaani kwako uniambie ni ngapi zilifuata. Mimi niliwahi kupanga mahali palipokuwa na mitambo mizuri kabisa juu ya paa, inang'aa. Bomba zake hazikuwahi kuunganishwa na nyumba zetu. Jengo lilipitishwa, picha ikapigwa, sisi tukaendelea na shawa za stima. Sheria ilikuwepo. Mtu wa kupanda ngazi akague ndiye hakuwepo.

Sasa geuza mambo. Mwenye jengo akiwa ndiye analipa stima, hasubiri kusukumwa. Garden City pale Thika Road imekuwa na paneli za sola juu ya maegesho ya magari tangu 2015. Viwanda na mahoteli vinafanya hivyo pia, na si kwa sababu wote wamependa miti ghafla. Bili ikija na jina lako, unapata akili haraka.

Hapa kuna jambo ambalo midahalo huwa inalikosea. Mtu anasimama anasema sola kwa kila nyumba itapunguza hewa chafu ya Kenya. Sola itapunguza bili yako, sawa. Lakini stima yetu ya kitaifa tayari inatoka sana kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji na upepo. Si kama nchi inayochoma makaa ya mawe. Kwenye nyumba ya Kenya, uchafu mkubwa mara nyingi umekwisha kutoka kabla hujapewa ufunguo: uko kwenye simiti na chuma. Simiti peke yake hutoa karibu asilimia 8 ya kaboni ambayo binadamu wanarusha hewani dunia nzima.

Kwa hivyo ukiahidiwa "nyumba za kijani" laki kadhaa, swali la kwanza ni zinajengwa na nini. Kuna matofali ya udongo ulioshindiliwa na mashine, unachanganywa na simiti kidogo, hayachomwi kwa kuni. Yanashikana kama meno, kwa hivyo hata mota inayotumika ni kidogo. Teknolojia si ngeni, shule kadhaa mashambani zimejengwa hivyo. Kwa ghorofa kumi hayatoshi kubeba jengo, tuseme ukweli. Lakini kwa nyumba ya chini, kwa nini kila zabuni iandikwe kana kwamba kuna kifaa kimoja tu duniani?

Na vioo, jameni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ni kati ya miji michache ya ikweta ambapo ofisi inaweza kukaa poa bila AC, ukipanga madirisha vizuri na kuzuia jua la saa kumi. Badala yake tunajenga maghorofa ya vioo upande wa magharibi, halafu tunanunua mashine ya kutoa joto tulilolialika wenyewe. Wazee wa Lamu walikuwa na joto la kweli la Pwani na hawakuwa na stima. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ua wa ndani wa kupitisha upepo, vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli. Hayo nayo mtaita mambo ya Gigiri?

Maji ya mvua nayo yanapendwa sana jukwaani. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba yako ya mashambani ina paa la mita 100, mvua ya mwaka ni milimita 900, toa inayopotea, unabaki na kama lita 72,000. Hiyo ni pesa, ukiwa na tangi la kutosha. Sasa chukua ghorofa la Pipeline, tuseme paa la mita 300 na familia 40. Mvua ile ile inakupa kama lita 15 kwa familia kwa siku. Mtungi mmoja haujai. Anayekuambia matangi yatamaliza shida ya maji kwenye maghorofa hajapiga hesabu, ama amepiga akanyamaza.

Ndiyo maana neno "kijani" bila kipimo ni rangi tu. Vipimo vipo. Cheti cha EDGE, kwa mfano, kinataka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 kwenye kaboni ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la hapo hapo. Wewe unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Una haki ya kuuliza kama nyumba hizo zimepimwa na nani, na stima ya lifti na pampu ya maji italipwa na nani baada ya mkandarasi kuondoka.

Muulize pia kuhusu ushuru. Julai 2020 vifaa vya sola viliwekewa VAT, mwaka uliofuata ikaondolewa. Mtu anayepanga kununua mtambo wa miaka 20 hawezi kufuata sera inayobadilika kila Juni.

Mwisho, jua unamuuliza nani. Anayeidhinisha ramani ya jengo ni kaunti, si Ikulu. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025, zikaondoa zile za 1968, lakini wa kwenda mjengoni na kusema "hii bomba haijaunganishwa" ni mkaguzi anayelipwa na kaunti yako. Idadi ya wakaguzi iko kwenye bajeti ya kaunti. Ada za ramani ziko kwenye mswada wa fedha wa kaunti, na kila mwaka mswada huo unaletwa kwa maoni ya umma, mara nyingi kwenye ukumbi wenye viti vingi vitupu.