Mwalimu Aliyestaafu na Shamba Lako

Walimu wengi wa shule za serikali wakistaafu hurudi mashambani. Tangu mwaka 2009 umri wa kustaafu ni miaka 60, si 55 kama zamani. Mwalimu huja na fedha za mkupuo, na mkulima mwenye haja ya karo au ng'ombe humwuzia ekari mbili tatu. Yafaa wote wawili wajue mambo haya.

Kwanza, fedha zenyewe. Katika mpango wa zamani wa pensheni, mshahara wa msingi wa mwaka huzidishwa kwa miezi ya kazi, kisha hugawanywa kwa 480. Tuseme mshahara ni Shs. 480,000 kwa mwaka, na kazi ni miezi 360, yaani miaka 30. Pensheni ni Shs. 360,000 kwa mwaka. Akichukua robo yake kwa mkupuo, Shs. 90,000 huzidishwa kwa 20, naye hupata Shs. 1,800,000. Baada ya hapo hupata Shs. 22,500 kila mwezi. Walimu waliokuwa chini ya miaka 45 tarehe 1 Januari 2021 wamo katika mpango mpya wa kuchanga. Hesabu yao ni nyingine.

Pili, shamba. Mwalimu mmoja alifika hapa ofisini akiwa na karatasi iliyotiwa sahihi na mashahidi wanne. Alikuwa amekwisha kulipa fedha zote, lakini Bodi ya Ardhi haikuulizwa. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na nilisikitika kumweleza mzee wangu jambo hili. Sheria ya mwaka 1967 yasema kwamba kuuza shamba la kilimo bila kibali cha Bodi ni bure. Maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Kibali kisipopatikana, mnunuzi aweza kudai fedha zake kama deni. Basi mkulima aliyekwisha kuzitumia atazitoa wapi?

Kwa hiyo, kabla ya kupokea hata shilingi moja:

1. Ulizeni ofisi ya makazi kama shamba lina deni.
2. Mke au mume akubali kwa maandishi.
3. Nendeni wote wawili mbele ya Bodi.

Nawe mwalimu, usitumie mkupuo wote kwa ardhi. Weka akiba ya mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe. Mkupuo hauji mara ya pili.