Umemaliza shule Kigali: utafikaje kazini?

Umemaliza shule, huu ni mwezi wa sita, na cheti bado kiko kwenye bahasha. Kwanza tujibu swali ambalo vijana wengi huuliza: je, mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi Rwanda? Ndiyo. Unaweza kuajiriwa na unaweza kufungua biashara yako. Unachoonyesha ni kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na serikali. Shida ni kwamba waajiri wengine hawajawahi kukiona, na hudhani unahitaji kibali cha kazi kama wageni wengine. Usikate tamaa ukaondoka. Waeleze kwa upole, na wakizidi kusita, omba ushauri kwa wizara inayoshughulikia wakimbizi, MINEMA, au kwa UNHCR.

Kisha kuna cheti chenyewe. Kama ulisoma Kongo au Burundi, mwajiri anaweza kutaka uthibitisho kwamba cheti chako kinalingana na cha Rwanda. Cha sekondari au cha ufundi unakipeleka NESA. Cha chuo kikuu kinashughulikiwa na HEC. Anza sasa, kabla hujaona tangazo la kazi, kwa sababu uthibitisho huo haupatikani kwa siku moja.

Wanaotaka kuendelea na chuo wana milango michache. Kuna ufadhili wa DAFI unaosimamiwa na UNHCR, na kuna Kepler, iliyoanza Kigali mwaka 2013 na kufungua tawi katika kambi ya Kiziba mwaka 2015. Nafasi hazitoshi, tuseme ukweli. Ukipata, usisubiri kuhitimu ndipo utafute staji. Mwajiri aliyekuona ukifika kwa wakati kwa miezi mitatu hahitaji kuelezwa sana wewe ni nani.

Sasa ufundi. Baadhi ya wazazi hawapendi kusikia mtoto aliyemaliza sekondari akishika randa au spana, lakini nenda Gakinjiro ya Gisozi uone maseremala, au Gatsata kwenye gereji, au kwa mafundi cherehani wa soko la Kimironko. Wengi wao walijifunza kwa kukaa pembeni ya fundi. Kama nawe umejifunza hivyo na huna karatasi yoyote, uliza Bodi ya Ufundi ya Rwanda, RTB, kuhusu kupimwa ujuzi ulio nao: unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti.

Hapa pia ndipo vijana wengi huumia. Fundi anakwambia "njoo ujifunze", na mwaka unapita ukifanya kazi kamili kwa nauli tu. Kabla ya kuanza, kubalianeni: utajifunza nini, kwa muda gani, na malipo yataanza lini. Ukishaajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2018 inasema mkataba usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Baada ya hapo, omba maandishi. Mkishindwa kuelewana, kila wilaya ina mkaguzi wa kazi. Mpelekee shauri lako.

Unaotaka kujiajiri, sajili biashara yako kwenye mtandao wa RDB. Inkomoko, kampuni ya hapa Kigali, hufundisha na kushauri wafanyabiashara wakimbizi, hasa wale ambao tayari wameanza hata kama ni kidogo.

Na lugha? Uliyesoma kwa Kifaransa utakuta shule na ofisi nyingi za Rwanda zinatumia Kiingereza, na wateja wanaongea Kinyarwanda. Jifunze vyote viwili, hata kwa jirani. Kiswahili chako usikifiche: ni lugha rasmi hapa tangu mwaka 2017, kwa hiyo kiandike kwenye wasifu wako.

Jambo la kufanya leo: piga picha kitambulisho na vyeti vyako vyote, kisha ujitumie kwa barua pepe. Simu hupotea. Na mtu akikudai pesa ili akupe kazi, usilipe.