Kununua Gari Kuukuu: Soma Kitabu Chake, Kisha Soma Chuma Chake

Katika Wema na vijiji vingine vilivyo kandokando ya Mto Tana karibu na Garsen, gari si kitu cha fahari tu. Maembe yakiiva hayangoji. Soko la Malindi liko mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Na mgonjwa huhitaji kufikishwa hospitali ya Ngao usiku kama mchana. Kwa sababu hiyo ndugu huchanga fedha, au mtu huuza ng'ombe wake, ili kupata pikapu au Probox iliyokwisha tumika. Fedha hizo aghalabu ni akiba ya miaka mingi, na zikipotea hazirudi upesi. Yafaa basi kila anayekusudia kununua gari kuukuu ajue namna ya kulichunguza.

Habari za gari zimeandikwa mahali pawili: katika karatasi na katika chuma. Muuzaji aweza kusema apendavyo, lakini karatasi na chuma havina budi kukubaliana. Vikipingana, usinunue.

NANI MWENYE GARI?

Jambo la kwanza la kuuliza si injini, bali ni mwenyewe. Sheria ya Kenya juu ya magari barabarani, iliyotungwa mwaka 1953 na ambayo ingali ikitumika pamoja na marekebisho yake, husema kwamba mtu ambaye jina lake limo katika daftari ya magari ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mtu akikuuzia gari lililoandikwa kwa jina la mwingine, naye hana ruhusa ya mwenyewe, umenunua maneno matupu.

Daftari hiyo hutunzwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ambayo wengi huiita NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mtu aweza kuomba nakala ya habari za gari lo lote kwa kutaja namba yake, kwa njia ya eCitizen, akalipa ada ndogo. Asiyeweza kufanya hivyo kwa simu yake atasaidiwa katika duka la kompyuta mjini. Iombe nakala hiyo wewe mwenyewe. Usitosheke na karatasi uliyoletewa na muuzaji au dalali.

Ukiisha kuipata, tazama mambo manne:

1. Jina la mwenye gari. Lilinganishe na kitambulisho cha muuzaji.

2. Namba ya chesisi na namba ya injini. Zisome katika chuma chenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa chuma kimekwanguliwa, kimeungwa upya au namba zimekaa upande, huenda gari ni la wizi. Aliyenunua mali ya wizi hunyang'anywa, hata kama alilipa kwa moyo safi.

3. Mwaka wa kutengenezwa.

4. Jina la benki au mkopeshaji. Likiwa limeandikwa pamoja na la mwenyewe, gari limewekwa rehani, na mwenyewe hawezi kulihamisha bila idhini ya mkopeshaji. Tena, kwa sheria ya mwaka 2017, iko daftari nyingine ya rehani za mali zinazohamishika. Nayo pia yafaa itazamwe, kwa kuwa deni lisipolipwa mkopeshaji atalifuata gari popote lilipo.

Iwapo mwenye gari amekwisha kufa, mjane au mwana hana uwezo wa kuliuza kwa sababu tu ni mrithi. Lazima kwanza ipatikane hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Wengi wamelipa fedha kwa mrithi mmoja, kisha wakadaiwa gari na wenzake.

UMRI NA MITA

Herufi za kibao cha namba hueleza wakati gari lilipoandikishwa Kenya, si wakati lilipotengenezwa. Kwa kanuni za Kenya, gari lililotumika ng'ambo huruhusiwa kuingia nchini likiwa halijapita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari lililofika likiwa na miaka 7 na kutumika hapa miaka 10 lina miaka 17, wala si 10.

Mita ya kilomita nayo yaweza kurudishwa nyuma kwa hila. Basi itazame pamoja na vitu vingine: mpira wa pedeli ya breki, usukani, kiti cha dereva na rekodi za matengenezo. Mita ikisema kilomita 60,000, na mpira wa pedeli umelika mpaka chuma kinaonekana, isadiki pedeli.

GARI LILILOZAMA MAJINI

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Tana. Mafuriko makubwa yalikuja mwaka 1997 hadi 1998, yakarudi mwaka 2018, tena mwishoni mwa 2023, na Aprili na Mei 2024. Mwaka 2023 maji yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu huko Gamba. Mwaka 2024 magari yalizama hata Nairobi, kwa hiyo gari lililotoka mbali si salama kwa sababu hiyo peke yake.

Gari lililozama huweza kuoshwa, kupakwa rangi na kung'aa kama jipya. Lakini maji ya mto huleta udongo mwembamba unaoingia katika nyaya, katika beringi na katika viungo vya umeme. Hapo kutu hula polepole. Gari litawaka siku ya kununuliwa, litafanya kazi miezi miwili au mitatu, kisha taa zitakufa moja moja, na mwisho injini itazimika njiani. Fundi atabadilisha kifaa baada ya kifaa, na ugonjwa hautakwisha.

Dalili zake ni hizi. Funga vioo kwa muda, kisha ufungue mlango na unuse: harufu ya uvundo ni onyo, na manukato mengi ni onyo pia. Inua zulia utazame tope au kutu chini yake. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Sehemu iliyojificha ndani mara nyingi huonyesha alama ya maji ambayo hakuna aliyekumbuka kuiosha. Tazama boliti za viti, ukungu ndani ya taa, na ukijani katika viungo vya nyaya. Kisha chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji.

CHUMA CHENYEWE

Nenda mchana, na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Taka injini iwe baridi mnapofika, kwa kuwa injini iliyokwisha pashwa moto huficha ugumu wake wa kuwaka. Moshi wa samawati ni oili inayoungua; moshi mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi; moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani. Lala chini utazame chesisi, hasa mahali palipochomelewa. Gari lililokaa karibu na bahari, au lililotumika katika sehemu za Japani ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, laweza kuwa zuri juu na limeoza chini. Mwisho liendeshe katika barabara mbaya, maana ndiyo litakayoitumia. Sikiliza springi, jaribu breki na klachi, na uone kama gari huvuta upande mmoja.

NAMNA YA KULIPA

Usitoe arubuni kabla ya kuliona gari na kupata nakala ya daftari. Andikeni mapatano, mtie sahihi mbele ya mashahidi au wakili, mkitaja namba ya chesisi, bei na tarehe. Lipa kwa benki au kwa njia nyingine yenye kuacha ushahidi. Kisha muuzaji aanzishe uhamisho katika eCitizen, na mnunuzi aukubali. Sheria hairuhusu gari kutumika barabarani zaidi ya siku 14 tangu kubadilisha mwenyewe, kabla mnunuzi hajaandikishwa. Jambo hili ni faida kwa wote wawili: mnunuzi hulindwa na madeni ya muuzaji, na muuzaji hulindwa na ajali za mnunuzi.

Ujira wa fundi wa siku moja na ada ya daftari ni fedha kidogo zikilinganishwa na bei ya ng'ombe watano au sita. Muuzaji mwaminifu hataudhika ukichunguza. Akikuhimiza ulipe leo kwa kuwa yuko mnunuzi mwingine, mwachie mnunuzi huyo.