Kikohozi kwa wanaoishi na HIV: Septrini ya kinga si tiba

KIKOHOZI ambacho wengine hukipuuza chaweza kuwa dalili ya hatari kwa mtu anayeishi na virusi vya HIV.

Virusi hivyo hushambulia seli za CD4, ambazo ni walinzi wa mwili. Idadi yake ikishuka chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo wa damu, magonjwa nyemelezi hupata mwanya, hasa mapafuni.

Mojawapo ni nimonia inayosababishwa na kuvu aina ya Pneumocystis. Ugonjwa huu ndio uliofichua Ukimwi mnamo Juni 1981, iliporipotiwa kwamba vijana watano wa Los Angeles, Marekani, walikuwa wameugua. Dalili zake ni kikohozi kikavu, homa na kuishiwa na pumzi hata baada ya kutembea hatua chache.

Dawa yake kuu ni kotrimoksazoli, maarufu kama Septrini. Hapa ndipo kosa hutokea. Wengi wanaijua kama kinga, kidonge kimoja cha miligramu 960 kwa siku. Wakianza kukohoa, huendelea kumeza hicho hicho wakidhani wanajitibu.

Tiba huhitaji dozi kubwa zaidi, inayokadiriwa na daktari kulingana na uzani wa mgonjwa, kwa siku 21. Aliyelemewa hupewa dawa kupitia mshipa, oksijeni, na prednisoloni ya kupunguza uvimbe mapafuni. Akipona, hurejea kwenye dozi ya kinga.

Aidha, huenda kikohozi hicho kikawa cha kifua kikuu, ambacho Septrini haitibu. Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, na tiba ya kawaida huchukua miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne.

Mojawapo ya dawa hizo, rifampisini, hudhoofisha dolutegravir, ambayo ni dawa ya kukabili HIV. Kwa hivyo dolutegravir humezwa mara mbili kwa siku badala ya moja. Anayemficha daktari dawa anazotumia hujidhuru mwenyewe.

Kwa ambaye hajaanza ARV, kwa kawaida huanzishiwa ndani ya wiki mbili baada ya kuanza tiba ya mapafu, kwani bila kinga ya mwili kuimarika, maradhi hurudi.

Kwa hivyo, anayekohoa asikimbilie duka la dawa. Afike kituo cha afya apimwe, na akianza kuishiwa na pumzi, asingoje kesho.