Lubumbashi: HDR10, Dolby Vision, HDR10+, mnunuzi wa televizyo aangalie nini?

Siku hizi, kwenye magazini za katikati ya mji wa Lubumbashi, katoni la televizyo limejaa alama: 4K, HDR10, HDR10+, HLG, Dolby Vision. Mnunuzi akiisha kuuliza bei, anauliza pia kama filamu zitaonekana ikiwa alama moja inakosekana. Ana haki ya kuuliza. Televizyo nyingi zinaingilia Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa, na kuirudisha ilikotoka si jambo la kila mtu.

Jibu ni kwamba zitaonekana, isipokuwa katika hali moja.

HDR ni njia ya kutoa picha yenye tofauti kubwa kati ya giza na mwangaza. Picha ya kawaida ilipangwa kwa mwangaza wa niti 100; HDR inaruhusu, kwenye karatasi, hadi niti 10,000. Makampuni yanashindana juu ya namna ya kupeleka maagizo ya mwangaza huo. HDR10, iliyokuja mwaka 2015, iko wazi kwa wote na inatoa agizo moja kwa filamu nzima. Dolby Vision, iliyotangazwa mwaka 2014, inabadilisha agizo kila tukio, lakini mtengenezaji analipia leseni. Samsung haikuiingiza kwenye televizyo zake. Mwaka 2017, pamoja na Amazon, ikaleta HDR10+. LG nayo ikashika Dolby Vision na kuacha HDR10+. Hisense na TCL wana televizyo nyingi zenye kusoma zote mbili. HLG ni ya BBC ya Uingereza na NHK ya Japani, kwa ajili ya matangazo ya moja kwa moja kama mpira.

Katanga inajua matata ya namna hii. Wakati wa Zaïre, televizyo ya taifa ilitumia mfumo wa SECAM kutoka Ufaransa, huku Zambia ikitumia PAL. Mtu akivusha televizyo ya PAL peke yake, picha za Zaïre zilitoka bila rangi. Safari hii mambo si mabaya hivyo. Karibu kila televizyo ya HDR inasoma HDR10, na Netflix, kwa mfano, inatuma kile ambacho televizyo inaweza kusoma. Wenye kucheza PlayStation 5 wasihangaike: inatoa HDR10, si Dolby Vision.

Hali moja yenye kuleta shida ni filamu za flashi. Kuna faili za Dolby Vision ambazo hazina HDR10 ndani yake. Ukizifungua kwenye televizyo isiyojua Dolby Vision, sura za watu zinatoka zambarau na kijani. Wengi wanafikiri kioo kimekufa, wanakimbilia kwa fundi. Kioo ni kizima. Ni faili ndiyo haifai kwa televizyo ile.

Mtego mkubwa zaidi hauandikwi kwenye katoni. Neno HDR linaweza kumaanisha tu kwamba televizyo inapokea maagizo, si kwamba kioo kina nguvu ya kuyatimiza. Televizyo za bei ya chini mara nyingi hazifiki hata niti 300. Filamu ya HDR humo inaweza kuonekana na giza kupita ile ya kawaida, na mwenye kulipa dola za nyongeza kwa ajili ya alama hakupata kitu.

Tena, picha hizo zinakula intaneti. Netflix inaomba megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K, na saa moja inaweza kumaliza gigabaiti 7. Kwa familia yenye kutazama kwa dekoda na kununua megabaiti kidogo kidogo, vita ya Samsung na Dolby iko mbali. Afadhali kuuliza kama televizyo ina DVB-T2, mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena, na kama itavumilia umeme wa SNEL wenye kupanda na kushuka.

Mwenye kutaka kuhakikisha aende dukani na flashi yake, yenye filamu anazotazama nyumbani, na aombe zifunguliwe mbele ya kutoa pesa. Achague tukio la usiku: kama nyuso zinapotea gizani pale dukani, zitapotea pia nyumbani.